Juni 1975 Haitajwi Hewani



Siasa zikianza kuchemka hapa magharibi mwa Kenya, jina moja hurudi studioni: Masinde Muliro. Mheshimiwa anaketi, anawasalimu watu wa Mulembe, yaani Waluhya, na kabla hajaulizwa habari za barabara wala za miwa, anamtaja Muliro. Anasema Muliro alituachia umoja. Anasema watu wetu wasikae nje ya serikali. Na akibanwa kwa nini ameuacha upinzani, jibu analo: hata Muliro alivunja chama akaingia serikalini.

Mtangazaji anashukuru, matangazo ya biashara yanaingia. Nami nabaki na uchungu, kwa sababu hadithi imekatwa katikati.

Alichosema ni kweli, lakini ni nusu. KADU, chama cha Ronald Ngala kilichotaka serikali za majimbo, Muliro akiwa naibu wake, kilijivunja chenyewe Novemba 1964 na wabunge wake wakavuka kwenda KANU, chama tawala. Baadaye Muliro akawa waziri. Mheshimiwa huishia hapo. Mimi naomba twende na Muliro miaka 11 mbele.

Machi 1975, Mbunge J.M. Kariuki aliuawa, mwili wake ukaokotwa Ngong. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza mauaji hayo, na aliyeiongoza ni Elijah Mwangale, mtu wa Bungoma. Juni ripoti ikaletwa bungeni, na serikali haikutaka Bunge liikubali. Muliro wakati huo alikuwa Waziri wa Ujenzi. Alikuwa na gari la serikali, ofisi, na kila sababu ya kunyamaza. Akapiga kura ripoti ikubaliwe, nayo ikakubaliwa. Rais Kenyatta akamfuta kazi, yeye na mawaziri wasaidizi wawili waliopiga kura kama yeye: John Keen, na Peter Kibisu wa Vihiga.

Oktoba mwaka huo huo ikawa zamu ya Butere. Mbunge wake, Martin Shikuku, alisimama bungeni akasema wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa atoe ushahidi, Naibu Spika Jean-Marie Seroney akasema jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Siku chache tu baadaye, polisi wakawakamata wote wawili mle mle katika majengo ya Bunge. Walikaa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978, Kenyatta akiwa ameshafariki na Moi yuko Ikulu.

Mwangale, Muliro, Kibisu, Shikuku. Watu wanne wenye asili ya mkoa mmoja, mkoa ambao makao yake makuu yalikuwa mji huu wa Kakamega, na yote katika mwaka mmoja. Nimesikiliza mahojiano mengi ya viongozi wetu. Bado sijamsikia hata mmoja akiutaja mwaka 1975 bila kuulizwa.

Nadhani najua kwa nini. Mwaka 1964 haumdai kiongozi kitu. Unampa ruhusa ya kuvuka. Mwaka 1975 unamuuliza alifanya nini baada ya kufika ng'ambo.

Na si huku kwetu tu. Kwenye kampeni za 2022 William Ruto alitueleza taifa hili kama hadithi ya familia chache zilizorithishana madaraka tangu uhuru, na mahasla walioachwa nje. Raila Odinga naye alitueleza habari za kizuizini na za ukombozi wa pili. Kila mmoja alikuwa na ukweli mkononi. Ila Ruto hakupenda kuanzia 1992, alipokuwa kijana wa kundi la YK'92 akimpigia Moi kampeni, na Raila hakukawia sana kwenye 2001, alipoingia katika baraza la mawaziri la Moi huyo huyo. Kila mtu huianza historia katika mwaka unaomfaa, na sisi wenye vipaza sauti tunamwachia.

Ndugu zangu watangazaji, nanyi mnanisikia. Swali la pili halihitaji ujasiri mkubwa, linahitaji kusoma. Maneno ya wabunge yamehifadhiwa kwenye Hansadi. Idara ya Nyaraka za Taifa ina kituo hapa hapa Kakamega. Mgeni akisema Muliro, tumuulize Muliro wa mwaka gani.

Maana vijana wetu hawana pa kuyasikia haya. Wanapumzika kivulini pale Muliro Gardens. Wanasoma katika chuo kikuu chenye jina lake. Jina wanalo kila mahali, ila ile kura iliyomtoa uwaziri hawaijui, na wanaoitwa warithi wake hawawaambii. Hao ndio vijana ambao Juni 2024 walisambaza majina ya wabunge 195 waliounga mkono Mswada wa Fedha na 106 walioupinga. Walitaka kujua jambo moja: mbunge wangu alipiga kura upande gani. Bila kujua, walikuwa wakiuliza swali la Juni 1975.

Kwa hiyo siku yoyote mheshimiwa atakapoketi kwenye kiti kile na kumtaja Muliro, nitamsikiliza mpaka amalize. Kisha nitamweleza habari za kura ile, kwa tarehe na kwa majina, na nitamuuliza: nawe, mheshimiwa, kura ya Juni 2024 uliipiga vipi? Na matangazo ya biashara yatasubiri.