Anayekesha na Mzee: Hali ya Walezi wa Nyumbani Homa Bay na Migori

Wazee wetu, washiriki wenzangu, na hasa ninyi mlioacha mgonjwa nyumbani ili mfike hapa,

Zamani, katika boma la Mjaluo, msichana hakulala kwa mamake. Jioni alikwenda siwindhe, nyumba ya dani, nyanya yake. Siwindhe tunaikumbuka kwa hadithi na vitendawili. Tunasahau kwamba pia ilihakikisha nyanya halali peke yake. Akikohoa usiku, yupo aliyesikia. Akitaka maji, wapo wajukuu watano au sita wa kumletea, wala hakuna aliyechoka.

Leo wajukuu wako shule za bweni na wana wako Nairobi. Ukimwi nao ulitupiga: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 5 katika Homa Bay anaishi na virusi. Wengi waliopaswa kuwatunza wazee walizikwa, na wazee wakalea yatima. Sasa wazee hao wanahitaji kutunzwa, na mara nyingi aliyebaki ni mmoja tu: mke wa mwana.

Mzee aliyepooza kwa kiharusi hugeuzwa kila saa 2 asipate vidonda. Hesabuni usiku wa mlezi wake: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kukicha, kuna maji ya kuteka na watoto wa kupeleka shule. Isitoshe, kimila mke wa mwana hakuingia chumba cha baba mkwe. Leo ndiye anayemwosha. Walezi niliokaa nao Ndhiwa na Nyatike hutaja kwanza mgongo. Baadaye sana, kwa sauti ya chini, husema wanaogopa kulalamika, wasije wakadhaniwa wanamwombea mzee kifo.

Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya matunzo ya familia na ya Serikali. Mpango wa Serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Nepi za mtu mzima pekee zinazimaliza kabla mwezi haujafika kati. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari mwaka 2023, hufika hadi nyumbani. Naziomba kaunti zetu mbili: wakimpima mzee, wampime na mlezi.

Lakini mzigo mkubwa ni wetu. Mzee akifa, kundi la WhatsApp la michango hufunguliwa siku hiyohiyo, na hema, ng'ombe na jeneza hupatikana. Miaka mitatu aliyolala kitandani, kundi hilo halikuwepo. Mimi ni wa huku, sipingi mazishi ya heshima. Nasema lifunguliwe angali hai, lilipe nepi na msaidizi wa siku mbili kila wiki.

Nawe unayetuma M-Pesa kutoka Nairobi, njoo Desemba ukeshe wiki moja. Najua mwana mtu mzima halali nyumba ya mamake; basi kesha kitini, dada zako wakupokee zamu. Mwache mke wa ndugu yako aende kwao. Naye ana mama anayezeeka, na hajamwona tangu wako alipougua.