Kikaratasi Kisicho na Jina



Mwezi Machi 2009 wananchi wa Shinyanga waliitwa na Serikali kupiga kura isiyokuwa ya kumchagua mtu. Waliandika kwa siri majina ya wale waliowashuku kuua watu wenye ualbino, wakazitumbukiza karatasi sandukuni. Waganga wapiga ramli walikuwa wamewaaminisha wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba viungo vya ndugu zetu hao huleta bahati.

Hatuwalaumu walioficha majina yao. Katika kijiji ambamo muuaji ni jirani, pengine ni ndugu wa damu, kusema waziwazi ni kuhatarisha uhai. Hata Nikodemo alikuja usiku.

Lakini sanduku halitenganishi shahidi na mwenye kinyongo. Ugomvi wa shamba na wa mirathi nao hujua kuandika. Sisi tunaoishi Usukumani twajua jinsi bibi kizee mwenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni tu, anavyonong'onwa kuwa mchawi, na mapanga yakafuata. Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, hukataza kumwita mtu mchawi. Atashtakiwa nani iwapo mnong'ono hauna mwenyewe?

Siku hizi kikaratasi kimehamia katika simu. Ujumbe huingia usiku, hakuna ajuaye ulikotoka, na asubuhi mtu hasalimiwi kisimani.

Yapata mwaka 112, gavana Pliny alimwuliza Kaisari Trajan afanyeje na Wakristo waliotajwa katika orodha isiyo na jina la mwandishi. Kaisari alijibu kwamba mashtaka ya namna hiyo yasipokewe. Naye hakuwa rafiki yetu!

Septemba 2009 Mahakama Kuu iliketi Kahama katika shauri la mvulana wa miaka 14 aliyeuawa Bukombe. Watatu walitiwa hatiani kwa ushahidi uliotolewa mbele yao, si kwa hesabu ya kura. Jina lililoandikwa kwa siri laweza kumwonyesha mpelelezi pa kuanzia. Haliwezi kumaliza kazi yake. Na mwenye hofu anayo njia: Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 humsitiri aliyekwenda kwenye mamlaka husika.

Basi, ujumbe wa namna hiyo ukiwafikia, usisomwe katika Jumuiya wala usipitishwe kwa mwingine. Ukihusu uhai wa mtu, upelekwe polisi siku hiyohiyo. Naye aliyetajwa atembelewe. Twayasema haya kwa aibu: tuliwahi kupokea barua juu ya mjane mmoja, tukanyamaza. Tulipokwenda kumwona, alikuwa amekwisha kuhama, na mlango wa nyumba yake umeng'olewa.