Haki ya Maskini na Fedha Mkononi Mwake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mgawaji wa riziki kwa ujuzi wake na hekima yake. Sala na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mliohudhuria hapa na mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu katika mali. Kwani wako wanaohifadhi sala zao tano wala wasihifadhi haki ya fakiri iliyomo masandukuni mwao.

Nyote mnaujua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, Bara na Visiwani. Mpango huu ulianza mwaka 2012, na umefikia kaya zaidi ya milioni 1. Kaya hupewa fedha kila baada ya miezi miwili, na aghalabu apokeaye ni mama wa nyumba. Sehemu ya fedha hizo imefungamanishwa na watoto kupelekwa kliniki na skuli. Lakini si mpango wenyewe uliotusimamisha leo juu ya mimbari. Lililotusimamisha ni neno linalosemwa katika baadhi ya kamati zetu za zaka, kwamba fulani sasa anapokea za serikali, basi jina lake lifutwe katika daftari ya wastahiki.

Ndugu zetu, neno hili halina msingi katika sharia. Sura ya Tawba, katika aya ya 60, imetaja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na wa mwanzo kutajwa ni mafakiri na maskini. Sasa itazameni Sura ya Kahf, katika kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema. Chombo kilichotobolewa kilikuwa cha watu waliokuwa wakifanya kazi baharini, na Mwenyezi Mungu amewaita watu hao maskini. Wana chombo, nao ni maskini! Nyinyi watu wa pwani mnajua thamani ya chombo. Kwa hoja hii Imamu Shafi, Mungu amrehemu, amebainisha kwamba maskini aweza kuwa na kitu, ila kitu hicho hakimtoshi. Basi ikiwa mwenye jahazi hakutolewa katika umaskini, atatolewaje mjane wa shamba kwa noti chache za kila miezi miwili, ambazo hugawanyika baina ya unga, daftari za watoto na mafuta ya taa? Mizani ni kutosheka. Anayetoshelezwa na ruzuku ile, huyo hana haki ya zaka. Asiyetoshelezwa, haki yake ingali shingoni mwetu.

Wengine husema: tukimpa fedha ataziharibu, bora tumpe mchele na kanga. Hii ni dhana, na tumekatazwa kuandama dhana. Katika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ambako ugawaji wa fedha ulijaribiwa kuanzia mwaka 2010, wachunguzi walikuta kaya zilizopewa zimejiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, na watoto wao wamevaa viatu zaidi kuliko wa kaya zisizopewa. Viatu, ndugu Waislamu. Sisi tulio mjini twaweza kukiona kitu hicho kidogo, lakini aliyekwenda skuli pekupeku katika tope la masika anajua thamani yake.

Na kwa jirani zetu wa Kenya, katika Siaya, shirika la GiveDirectly liliwapa watu wa vijijini fedha kwa simu, kiasi cha dola 1,000 za Marekani kwa kila kaya, na hawakupewa shuruti ya matumizi. Waliochunguza vijiji 653 waliona kwamba hata majirani wasiopewa walinufaika, kwani fedha zilitembea kutoka kwa mpokeaji hadi kwa muuza duka, kwa fundi wa mabati na kwa kibarua. Na bei sokoni hazikupanda ila kidogo mno. Kisha mwaka 2025 yakatoka matokeo mengine ya vijiji hivyo: vifo vya watoto wasiotimiza mwaka vilipungua kwa karibu nusu katika kaya zilizopata fedha. Mama mja mzito alipata kupumzika na kazi nzito katika miezi yake ya mwisho, akapata na njia ya kufika hospitali. Lakini pia fedha zilipokwisha, nafuu hiyo nayo ilififia. Kwa hiyo wale wasemao kwamba msaada wa mara moja humaliza ufukara, nao wamezidisha.

Hapa ndipo tunapokumbuka kauli ya wanazuoni wetu. Imamu Nawawi, katika kitabu chake cha Majmuu, ameeleza kwamba mwenye kazi ya mikono apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake, na mfanyabiashara apewe mtaji wa kumtosha. Hakusema apewe sahani moja ya wali katika Ramadhani. Wala hatuzungumzii zaka ya fitri, ambayo katika madhehebu yetu ni chakula. Tunazungumzia zaka ya fedha na ya biashara, na hii ya biashara, kwa kauli yenye nguvu, hutolewa katika thamani, si katika bidhaa zilizolala ghalani kwa kukosa mnunuzi. Mwenye duka na alifahamu hilo.

Jambo jingine ni masimango. Majina ya kaya husomwa katika mkutano wa kijiji, na tunaielewa hekima yake, ili asiyestahiki asipenyezwe. Lakini jina likishasomwa mkutanini si ruhusa kwako kulisoma tena kisimani, dukani na harusini. Tena wako wanawake wanaoambiwa wakinunua nyama siku moja, "Leo mmekula za TASAF." Sadaka ya mtu mwenyewe huharibika kwa masimango, itakuwaje kwa anayesimanga kwa mali ambayo hata hakuitoa yeye?

Nanyi waume, tunasema nanyi bila ya kuficha. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu wako, na haikuanguka kwa sababu mkeo amepokea fedha. Mali ya mke ni yake, na iliyotolewa kwa ajili ya watoto ni amana. Anayekaa barazani siku ya malipo, akangoja mkewe arudi ili ampokonye, amekula amana ya wanawe, na hesabu yake iko mbele ya Mola wake. Kadhalika aliyeficha mali yake na kusema uongo ili aandikwe, amemzuilia nafasi jirani yake mwenye njaa.

Kamati za zaka zizirejee daftari zao kabla ya mwezi wa Ramadhani. Waliofutwa kwa sababu hii pekee waandikwe tena, na wapelekewe haki yao majumbani baada ya sala ya Isha, si kwa kupangwa foleni juani mbele ya milango ya maduka.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira, sisi na nyinyi na Waislamu wote.