Kumtambua Bafe: Mazungumzo juu ya Nyoka wa Pwani ya Ziwa Victoria

Wasikilizaji, kuanzia Port Victoria mpaka Kisumu, nyoka aogopwaye zaidi mara nyingi ni yule aliye mrefu. Lakini chatu, ambaye Wajaluo humwita ng'ielo, hana sumu. Bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma, kwa kawaida hazidi sana urefu wa mita moja. Naye ndiye apaswaye kujulikana vema, maana hakimbii asikiapo nyayo. Hulala kimya njiani, na mtu humkanyaga.

Wataalamu huwagawanya nyoka wa jamaa yake katika mafungu mawili makubwa. Fungu moja lina kishimo kidogo baina ya jicho na tundu la pua, kila upande wa uso. Mwaka 1952 wataalamu wawili wa Marekani, Bullock na Cowles, walipima mshipa wa fahamu utokao katika kishimo hicho, wakathibitisha kuwa hupokea joto. Ndiyo maana nyoka huyo aweza kumlenga panya gizani. Nyoka wa vishimo wako Asia na Amerika, wala katika Afrika nzima hawamo. Bafe ni wa fungu la pili, lisilo na kishimo, pamoja na ndugu yake mwenye vipembe puani akaaye msitu wa Kakamega. Jina lake la kitaalamu, arietans, alipewa na Merrem wa Ujerumani mwaka 1820.

Si lazima mkulima amchungulie puani! Yatosha kutazama kwa mbali. Kichwa chake ni kipana, shingo nyembamba, mwili mnene na mkia mfupi; mgongoni mna alama kama herufi V zielekeazo mkiani. Akichokozwa hujivimbisha na kuvuma kwa pumzi. Yuko nyoka mla mayai, asiye na sumu, ambaye kwa madoa na sauti hujifanya kama nyoka hatari, naye huuawa bure. Hata hivyo, mwenye shaka na akae mbali na wote wawili.

Wengine hutegemea mbwa atangulie. Mwaka 2015 wataalamu wa Afrika Kusini walionyesha kuwa hata mbwa waliofundishwa kunusa hawakuweza kuipata harufu ya bafe aliyetulia. Taa na viatu vigumu vyafaa zaidi, hasa usiku, na hasa Mto Nzoia ufurikapo Budalangi, maana maji huwahamisha nyoka kama yahamishavyo watu. Tena bafe hatagi, huzaa. Jike mmoja wa asili ya Kenya, katika bustani ya wanyama ya Czechoslovakia, alizaa watoto 156 kwa mara moja.

Aumwapo mtu, mahali pale huvimba na kuuma sana, na nyama yaweza kuoza. Kuchanja, kunyonya jeraha na kufunga kamba kwa nguvu huongeza madhara. Avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, mguu au mkono utulizwe kwa gango, kisha achukuliwe hospitali bila kutembea. Nyoka asifuatwe ili auawe. Maelezo ya umbo lake humsaidia mganga. Dawa ya kupinga sumu hutiwa mshipani huko huko hospitalini, kwa kuwa yenyewe yaweza kumdhuru mgonjwa ghafla, na lazima awepo mtu wa kumwangalia.