Matairi Matatu ya Akiba

Asubuhi hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka siku ya taabu. Nacho ni tairi la akiba, au kama tunavyosema hapa Nakuru, spea.

Najua wako watakaosema, mzee huyu leo amekosa neno la kusema. Nivumilieni kidogo.

Habari za spea nilifundishwa na mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye alikuwa fundi wa matrekta katika mashamba ya Njoro kabla ya kustaafu. Mwaka 1984 mvua za masika zilikosa. Walio na umri kama wangu watakumbuka mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka nchi za nje, na jinsi watu walivyoinung'unikia rangi yake huku wakiyala. Kanisa letu lilichanga magunia kumi, kila gunia kilo 90, yapelekwe kwa ndugu zetu upande wa Nginyang, kaskazini ya Ziwa Baringo. Tulikuwa na Land Rover kuukuu na trela la magurudumu mawili. Mimi nilikuwa kijana, mwalimu wa shule, nikapewa usukani kwa kuwa nilikuwa na leseni. Mzee akapewa kiti cha pembeni kwa kuwa alikuwa na akili.

Asubuhi ya safari nilimkuta anafunga kamba. Tairi moja la akiba lilikuwa juu ya boneti, mahali pake pa kawaida. La pili alilifunga juu ya mkono wa trela, karibu na ndoano. La tatu alilipakia juu ya magunia. Nikamwambia, "Mzee, tunapeleka chakula au tunafungua duka la matairi?"

Hakukasirika. Aliniambia, "Mwalimu, gari likipata pancha utaihisi mikononi. Trela likipata pancha hutahisi kitu."

Neno hilo ni la kweli kabisa, na yeyote aliyevuta trela analijua. Gurudumu la mbele la gari likipasuka, usukani unavuta upande mmoja nawe unasimama. Lakini trela liko nyuma yako. Linafuata tu. Tairi lake linaweza kuisha upepo nawe ukaendelea kuimba mpaka mpira unachanika vipande vipande na rimu inasaga mawe. Hapo huna tena pancha ya kuziba. Tairi limekwisha, na pengine rimu nayo. Ndiyo sababu mzee hakuridhika na viraka, gundi na pampu peke yake, ingawa hivyo navyo alivibeba. Tena alinizoeza kutazama kioo mara kwa mara, na kila tukisimama alishuka akaweka kiganja juu ya kila tairi na juu ya kitovu cha kila gurudumu. Tairi lenye moto kuliko wenzake lina upepo mdogo, kwa maana linapojikunja na kujikunjua chini ya mzigo ndipo linapojichoma lenyewe. Na kitovu chenye moto ni beringi inayolia.

Jambo la pili alilonionyesha ni nati. Trela lile lilitengenezwa kwa ekseli ya Land Rover nyingine iliyokufa, na magurudumu yake yalikuwa sawasawa na ya gari, nati tano kwa tano. Kwa hiyo spea yoyote iliingia popote, mbele, nyuma au kwenye trela. Hata leo naona watu wakielekea Lodwar au Maralal wakivuta trela lenye vigurudumu vidogo vya nati nne, na spea waliyo nayo ni ile ya gari peke yake. Hiyo si spea ya trela, hiyo ni mzigo. Kama unatengenezewa trela na mafundi wa jua kali, mwambie fundi mapema akuwekee magurudumu yanayolingana na ya gari lako. Kama haiwezekani, trela liwe na spea yake, na spana inayoingia kwenye nati zake, na jeki inayofika chini ya ekseli yake. Ijaribu nyumbani, uwanjani kwako. Usingoje kuijaribu kwenye mchanga.

Wala usiifunge spea nyuma kabisa ya trela. Uzito ukikaa nyuma trela huanza kuyumba kama mkia wa ng'ombe mwenye nzi, na katika mteremko kama ule wa Sachangwan kuja Salgaa, ulioua wengi, mambo hayo si ya kuchezea.

Mtu ataniuliza, basi tubebe ngapi? Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 na yakazunguka Naivasha na Elementaita, hapa hapa kwetu. Magari yale ya fedha nyingi hubeba spea moja au mbili, si zaidi, kwa kuwa kila tairi ni uzito na uzito hupunguza mbio. Hata wao hupiga hesabu. Kwa safari ya Nakuru kwenda Nairobi, kilomita kama 160 za lami, mimi sikulaumu ukiwa na moja ya gari na moja ya trela. Ukivuka Marigat ukielekea kwenye mawe, ongeza moja. Lakini iwe nzima. Nimeona spea iliyokaa juani miaka kumi bila kuguswa, uso wake bado una meno mazuri, na ubavuni imepasuka nyufa kama udongo wa Januari. Matairi ya siku hizi yameandikwa ubavuni tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka yalipotengenezwa. Soma. Na uijaze spea upepo pamoja na wenzake. Nayo huvuja hata ikiwa imelala.

Basi, turudi mwaka 1984. Tulipita Marigat, tukapita Kampi ya Samaki, na mbele kidogo ya Loruk, penye yale mawe meusi, tukakuta Land Rover nyingine imesimama na trela lake limelala upande. Juu ya trela mapipa matatu ya maji yaliyojazwa ziwani. Alikuwapo baba mmoja, na mwanawe wa miaka kama kumi na miwili. Spea yao ilikuwa imekwisha kutumika asubuhi, na sasa tairi la pili lilikuwa vitambaa.

Yule baba alitusalimu vizuri, akauliza habari za Nakuru na habari za mvua. Kisha akatazama lile tairi juu ya magunia, akasema, "Mwalimu, hilo lingeingia kwenye trela langu. Nikopeshe. Nitalirudisha Nakuru kwa mkono wangu."

Wasikilizaji, nilimjibu kwa Maandiko. Nilimkumbusha habari ya wale wanawali kumi, jinsi watano walivyobeba mafuta ya ziada, na jinsi walivyokataa kuwagawia wenzao yasije yakawapungukia wote. Nikamwambia kwamba chakula hiki ni cha watu wenye njaa, na tukikwama njiani ni wao watakaolala bila kula. Nilisema kwa upole. Yule baba akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ni kweli, mwalimu." Akafungua ndoano, akageuza gari lake kuelekea Marigat kutafuta tairi, akamwacha mtoto alinde maji.

Mzee wangu alikuwa amesimama kando. Nilingoja aniunge mkono. Alipanda garini akafunga mlango.

Tulifika salama. Mahindi yakapokewa, wakina mama wakaimba, tukalala huko usiku mmoja na wa pili. Hatukupata pancha hata moja. Matairi yote matatu yalikaa pale pale yalipofungwa.

Nimeufikiria mfano ule wa wanawali mara nyingi tangu siku hiyo, na sidhani kwamba nilikosea maneno yake. Nilikosea saa. Wale wanawali waliombwa mafuta usiku wa manane, bwana arusi akiwa mlangoni, na mafuta yakiisha kuwaka hayarudi. Mimi niliombwa tairi mchana, na tairi ni kitu cha kukopesha, linarudi. Tena nilikuwa na matatu. Kama ningetoa moja yangebaki mawili, moja zaidi ya waliyo nayo wasafiri wengi wa njia ile. Na sikumwuliza hata yale maji yalikuwa yanakwenda kwa nani. Hesabu yangu yote ilianzia kwenye mzigo wangu ikaishia hapo. Wako watakaosema nilifanya haki, kwa kuwa mali haikuwa yangu, ilikuwa ya kanisa. Nilijiambia hivyo nami, usiku wa kwanza.

Siku ya tatu tulirudi, na mbele ya Loruk trela lilikuwa lingali limelala. Mtoto alikuwa chini yake, kwenye kivuli. Baba yake hakupata tairi wala tyubu ya saizi ile huko Marigat, akapeleka habari kwa mwenye lori kwamba anaendelea mpaka Nakuru. Mtoto alikuwa amelala hapo usiku mbili peke yake.

Nikatazama mapipa. Mawili yalikuwa matupu. Nikadhani yamevuja. Mtoto akasema hapana, watu walipita na mbuzi, na mama mmoja na watoto, wakaomba maji, akawapa. Hakulieleza kama jambo kubwa. Kisha akaitazama Land Rover yetu, iliyokuwa inatoa mvuke, akaniuliza, "Mwalimu, gari lako lina kiu?" Akachukua kopo, akachota kutoka pipa la tatu, akanipa.

Niliyapokea, kwa kuwa rejeta ilikuwa imekauka kweli. Nilipokuwa nikiyamimina nilisikia nyuma yangu spana inalia. Mzee hakuniomba ruhusa. Alikuwa amekwisha kupiga jeki, na lile tairi la juu ya magunia, ambalo sasa halikuwa na magunia chini yake, lilikuwa linaingia kwenye trela la watu wale, nati tano kwa tano. Alipomaliza aliyaondoa barabarani mawe yote waliyokuwa wameyapanga kuonya magari, moja moja, akayatupa mbali. Kazi hiyo nayo wengi wetu huiacha, na usiku lori linakuja kuyakuta.

Tulikaa na mtoto mpaka alasiri, baba alipofika na tairi la mtumba alilonunua Nakuru. Aliona trela limesimama wima. Alitushika mikono wote wawili, mzee kwanza. Nikataka kusema neno juu ya siku ile ya kwanza, lakini yeye akaniuliza habari za Nginyang, kama mahindi yametosha.

Tairi letu lilirudishwa mwezi wa Desemba, juu ya lori la makaa. Lilikuwa limejazwa upepo, na mtu alikuwa ameliosha.