Wakihama Wachekeshaji, Nani Anabaki?

Wasikilizaji, mchekeshaji akihama kituo cha televisheni, mitaani huulizwa jambo moja tu: kalipwa shilingi ngapi? Leo nataka tumuulizie mtu ambaye hatumwoni kwenye skrini. Aliyekuwa akimwandikia yuko wapi?

Mwanzoni mwa 1978, Waingereza walipata habari iliyowashtua. Wachekeshaji Eric Morecambe na Ernie Wise, waliokuwa jukwaani pamoja tangu wakiwa vijana wadogo mwaka 1941, walikuwa wanaiacha BBC na kwenda kwa mshindani wake, Thames, kampuni ya televisheni ya kibiashara ya London. Krismasi ilikuwa ndiyo kwanza imepita, na kipindi chao cha usiku ule kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 20, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 56.

Fedha zilikuwepo, bila shaka. Lakini Thames ilikuwa pia na kampuni ya kutengeneza filamu, Euston Films, na wawili hawa walikuwa na kiu ya filamu tangu zile tatu walizocheza miaka ya 1960 ziliposhindwa kuwapa sifa waliyoitaka. Siwalaumu. Msanii kutafuta malisho mapya ni haki yake.

Kinachoniuma ni habari ya Eddie Braben. Huyu alikuwa muuza matunda na mboga sokoni Liverpool, akitunga vichekesho, mpaka kalamu ikawa ndiyo riziki yake. Alianza kuwaandikia Morecambe na Wise mwaka 1969. Kabla yake, Ernie alikuwa wa kumwandalia mwenzake mzaha, basi. Braben akamfanya mtunzi wa tamthilia mwenye majivuno, asiyejua kwamba tamthilia zake ni mbovu kupita kiasi. Akawaweka wote wawili nyumba moja, hata kitanda kimoja, wakibishana usiku kucha. Eric akawa mtu wa kumsimanga rafiki yake kutwa nzima, ila ole wake mgeni atakayethubutu kumgusa Ernie! Upendo ule walikuwa nao tangu utotoni; Braben ndiye aliyeuona na kuupa maneno.

Walipohama, Braben alibaki BBC. Akabaki pia mtayarishaji wao Ernest Maxin, fundi wa zile dansi zao za kuchekesha. Thames ikapata sura mbili zinazojulikana nchi nzima, pamoja na jina. Watu waliendelea kutazama, lakini baadhi ya vichekesho vilivyorushwa vilikuwa vile vile vya BBC, vimepashwa moto. Afya nayo ilikuwa mzigo: Eric alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu 1968, na mwaka 1979 akafanyiwa upasuaji. Braben aliwafuata baadaye, ila kimo kile cha miaka ya sabini hawakukifikia tena. Na filamu? Ilipatikana moja, ya televisheni. Ilionyeshwa Januari 1985, Eric akiwa amefariki miezi saba kabla.

Sasa tazameni kwetu Tanzania. Wachekeshaji akina Joti, Masanja na Mpoki walipotoka kituo cha EATV kwenda TBC1, jina la kipindi chao, Ze Comedy, likawa ugomvi, wakalazimika kujiita Orijino Komedi. Walipoteza jina, lakini walihama pamoja, na watazamaji wakawafuata. Kwangu mimi, hao walibeba kilicho na thamani zaidi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vituo vyetu: mnapomwita mchekeshaji ofisini kusaini, mwiteni na mwandishi wake siku hiyo hiyo. Mpeni mkataba wake mwenyewe, na malipo yanayoeleweka. Jina lake liandikwe mwanzoni mwa kipindi, kwa herufi zinazosomeka, kabla watu hawajaanza kucheka.