Mwaliko Huja Ghafla, Uwanja Hauji Ghafla

Hotuba iliyotolewa katika harambee ya mwaka ya chama chetu



Nimeombwa niseme machache kuhusu michezo ya watoto wetu wa kike. Nitaanza na mama mmoja aliyeitwa Anthea Stewart. Alizaliwa Blantyre, Malawi, mwaka 1944, akacheza mpira wa magongo kwa miaka mingi. Mwaka 1980, akiwa na miaka 35 na tayari ni mzazi, alikuwa katika timu ya wanawake ya Zimbabwe.

Mwaka huo Olimpiki ilifanyika Moscow, na kwa mara ya kwanza wanawake waliruhusiwa kushindana katika mpira wa magongo. Nchi nyingi zilisusa kwa sababu ya jeshi la Umoja wa Kisovieti kuingia Afghanistan. Nafasi zikabaki wazi. Zimbabwe, iliyopata uhuru Aprili mwaka huohuo, ikaalikwa dakika za mwisho. Timu iliteuliwa siku chache tu kabla ya michezo, na wachezaji hawakuwahi kucheza kwenye nyasi bandia. Hata hivyo, chini ya nahodha Ann Grant, walicheza mechi tano, wakashinda tatu na kutoka sare mbili. Mechi ya mwisho waliifunga Austria 4-1, wakachukua dhahabu.

Tanzania nayo ilialikwa kujaza nafasi, upande wa wanaume. India ilitufunga 18-0, tukashika mkia. Sisemi haya kuwacheka vijana wetu wale. Katika michezo hiyohiyo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha katika riadha, kwa hiyo vipaji tulikuwa navyo.

Wale akina mama wa Zimbabwe walipata barua kwa ghafla, lakini walikuwa wamecheza tangu utotoni, katika shule na klabu zenye viwanja. Na hapa pana uchungu wake: wachezaji wote 16 walikuwa Wazungu, katika nchi ambayo wengi wa wananchi wake ni Waafrika. Binti wa kijijini alikuwa na mbio na akili kama wao, ila shule yake haikuwa na uwanja, wala hakuna aliyempa gongo mkononi.

Ndugu zangu, binti wa kijijini huyo ndiye binti yetu. Akitoka shule anakwenda kuchota maji, kisha kuni, kisha jikoni. Kaka yake anacheza mpira mpaka giza liingie. Halafu siku ya kuteua timu ya UMITASHUMTA au UMISSETA ikifika, tunashangaa kwa nini wasichana wetu hawafiki mbali.

Siwaombi tuanze mpira wa magongo Kabanga kesho. Naomba sehemu ya mchango wa leo isawazishe viwanja vya shule zetu, inunue mipira na magoli ya netiboli, na vifaa vya riadha. Na jambo moja ambalo halihitaji shilingi: kila mzazi ampe binti yake saa moja ya mazoezi, angalau siku mbili kwa wiki, na kaka yake ashike ndoo.

Nimalizie na kisa kidogo. Inasimuliwa kwamba wachezaji wale waliahidiwa ng'ombe mmoja kila mtu wakirudi na dhahabu. Walipotua nyumbani, kila mmoja akakabidhiwa kifurushi cha nyama! Sisi watu wa Ngara tunajua tofauti ya ng'ombe na kilo mbili za nyama. Basi ahadi tutakazoandika leo, tuzitimize kama tulivyoziandika.